Jozi Moja ya Hereni

Mkokoteni ulipoanza kupanda mlima wenyewe, watu wa ghala la vitunguu saumu pale Endahale waliucheka kwanza. Ndiyo tabia yake. Ile mikokoteni ya umeme iliyoletwa na ushirika ilikuwa na akili zake: ukishaijaza magunia inaondoka bila kuaga mtu, inapanda hadi godauni la juu, inashusha mzigo, inarudi kuchukua mwingine. Kicheko kilikatika Mama Deni alipotoka kwenye mizani akauliza mwanawe yuko wapi. Deni, ambaye hata kutembea alikuwa ndiyo kwanza amekuzoea, alikuwa juu kabisa, amekumbatia gunia la mwisho, na kila gurudumu lilipogonga jiwe alisogea kidogo kuelekea ukingoni.

"Uzimeni! Jamani, uzimeni!"

Kitufe cha kuuzima kilikuwa nyuma ya mkokoteni, na mkokoteni ulikuwa umeshakata kona ya kwanza. Aliyekuwa karibu nao ni Filomena Sulle, na Filomena ndiye mtu pekee pale ghalani aliyekatazwa na sheria kukimbia.

Sikioni alikuwa na hereni ya ulinzi, kidoti cha fedha kisichozidi punje ya mtama, kazi yake kusikiliza damu ikipita. Mapigo ya moyo yakivuka mia na kumi, inapiga ukelele, na haiachi mpaka moyo urudi chini. Watu wenye hereni hizo waliitwa "wa kukaa", kwa kuwa kazi walizoruhusiwa ni za kukaa tu. Filomena alikaa kwenye kigoda akichambua vitunguu saumu, vikubwa huku, vidogo kule, mwaka wa tatu sasa. Baraza la Moyo lilikuwa limeamuru hereni za ulinzi zifanane kabisa na hereni za watu wengine, hata zile za kupimia za wakimbiaji, eti wavaaji wasinyanyapaliwe. Kana kwamba ukelele ukianza kanisani watu watadhani ni kinanda!

Filomena alikitazama kigoda chake, akamtazama mtoto, akakimbia.

Hereni ilianza kulia kabla hajafika kwenye mti wa kwanza. Aliisikia ikipasua sikio, akasikia na watu nyuma wakimwita jina, "Filomena, rudi! Utakufa!", na yeye mwenyewe aliamini kabisa kwamba anakufa. Alijiambia acha nife nimeshika kitufe. Miguu haikuwa imesahau kitu. Kwenye kona ya pili aliufikia mkokoteni, akabonyeza, ukasimama, mtoto akamwangukia mikononi akiwa anacheka, mwanaharamu mdogo yule, kana kwamba amebebwa kwenye bembea.

Akaketi kando ya barabara na mtoto mapajani kungoja mwisho wake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda vyenyewe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ilikuwa desturi ya kambi ya wakimbiaji alikotoka, na mwili huwa hausahau desturi. Na hapo hereni ikanyamaza.

Alidhani imeharibika. Akabonyeza kifundo vizuri zaidi. Mapigo yalikuwa yakishuka chini ya vidole vyake, taratibu, kwa adabu, kama watu wanaotoka ibadani. Hata jasho la uso halijakauka! Mama Deni alipofika analia na kushukuru, alimkuta Filomena ametoa macho, ameshika mkono wake mwenyewe kama aliyeuokota.

*

Ili uelewe kwa nini Filomena hakulala siku ile, lazima ujue kambi ya Endahale ilivyokuwa ikiishi.

Pale kambini kila mkimbiaji alikuwa na pacha wa mazoezi. Mnakula pamoja, mnakimbia bega kwa bega, na mkimaliza kila mmoja anashika kifundo cha mwenzake, mnasimama dakika nzima bila kusema, mnasikilizana. Desturi hiyo ilikuwapo kabla ya mashine. Hereni za kupimia zilipokuja ziliuzwa kwa jozi, na kambi, kwa ubahili wake, ikanunua jozi moja kwa kila mapacha wawili. Mmoja anavaa ya kulia, mwingine ya kushoto. Kila hereni imesajiliwa kwa jina la mtu, lakini yenyewe haijui imening'inia kwenye sikio la nani. Wageni walishangaa. Wenyewe waliona fahari.

Pacha wa Filomena alikuwa Restituta Bayo. Resti. Walianza wote wakiwa wasichana wa shule, na katika miaka yote hiyo Filomena alikuwa ameshika mkono wa Resti mara nyingi kuliko alivyowahi kushika wa mama yake. Aliujua. Na alijua kwamba, tangu ule mwaka wa mwisho, mapigo ya Resti yalikuwa hayashuki. Dakika inakwisha, wenzake wameshatulia wanatafuta maji, moyo wa Resti bado unadunda vilevile.

Sasa sikia ujinga wa watu wa Endahale. Waliufurahia! "Resti ana moyo wa trekta," walisema. "Miguu imesimama, moyo bado unataka kwenda." Filomena mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza, kwa majivuno kabisa, kwamba pacha wake moyo wake hauchoki. Hakuna aliyewaza kwamba moyo usiojua kusimama ni moyo mgonjwa. Katika kambi ile mtu asiyetaka kusimama ndiye mtu bora, basi wakadhani na moyo ni hivyohivyo.

Kisha likaja Baraza la Moyo na Kipimo cha Mlima. Kila mkimbiaji apande mlima mbio, asimame, hereni zisomwe; anayefaulu anapata kibali cha miaka minne, anayeshindwa anafungiwa maisha. Filomena alipanda mlima siku hiyo akijisikia mwepesi. Jioni akaambiwa moyo wake haushuki. Asikimbie tena, asibebe mzigo, na daktari wa Baraza akamshauri kwa sauti ya upole asithubutu kubeba mimba. Familia ya Bonifasi, aliyekuwa amemposa, iliposikia hilo la mimba haikusema neno baya. Ilikuja kuchukua ng'ombe wake tu.

Na Filomena aliamini. Mashine imesema, yeye nani? Tena aliyemshika akalia naye alikuwa Resti.

Usiku ule kitandani, vidole kifundoni, aliirudia siku moja akilini, ile ya kabla ya Kipimo. Walikuwa uani. Resti alikuwa akimsuka. "Toa hereni, kitana kitakwama," alisema Resti, akaitoa yeye mwenyewe, na yake akaitoa, akaziweka zote kwenye kifuniko cha mafuta ya nywele. Alipomaliza kusuka akamvisha. Filomena alikumbuka hata vidole vyake vilivyokuwa vya baridi, na jinsi Resti alivyompiga kofi la utani begani akasema, "Haya, umependeza, nenda kaolewe."

Kesho yake, waliposimama kileleni, Resti alikataa kutoa mkono. Alisema kifundo kinamuuma.

"Ee Mungu wangu," Filomena aliliambia giza. "Resti."

*

Mwalimu Margwe alikuwa ofisini kwake na chupa ya chai ya maziwa, kama alivyokuwa kila asubuhi tangu Filomena amjue. Ukutani mbele yake mistari ya mioyo ya wakimbiaji wake ilikuwa ikipanda na kushuka, kila mmoja na rangi yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Filomena. Umekuja kuchukua tiketi? Nimekuwekea ya jukwaani kabisa. Jumamosi utamwona mwenzio akichukua dhahabu, Mungu akipenda."

"Jana nimekimbia, Mwalimu."

Mzee aliishusha chupa. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi. "Kaa," alisema.

"Nimekaa miaka mitatu."

Alisimama palepale mlangoni. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, sasa yalimtoka bila mpango. Alimkumbusha kwamba siku aliyofungiwa, ni yeye Mwalimu aliyemvua hereni kwa mkono wake, na badala ya kuitia kwenye bahasha ya Baraza akaitia mfukoni mwa suruali. Wakati ule aliona ni huruma, kwamba mzee hataki kuitazama. "Iko wapi ile hereni yenye jina la Resti, Mwalimu? Anaivaa nani?"

Margwe aliugeukia ukuta. Alinyoosha kidole, ukuta ukafuta mistari yote ukabakiza miwili. Wa kijani ulipanda mlima hatua kwa hatua, ukafika kileleni, kisha ukaporomoka kama jiwe lililoachiwa. Mwekundu ulichelewa kupanda, ukaruka ghafla, na kileleni ukaning'inia. Ulishuka kidogo, ukakataa, ukaendelea kuning'inia.

"Watu wanadhani moyo unapimwa ukiwa mbioni," alisema, kwa sauti ileile aliyofundishia. "Mbioni kila moyo ni hodari. Ukikimbia, mwili unakanyaga mafuta. Ukisimama, kuna mshipa unatoka kichwani kuja kifuani, huo ndio breki. Dakika ya kwanza baada ya kusimama ndiyo inayosema ukweli. Moyo mzima unashuka mara moja. Usioshuka hata mapigo kumi na mawili, huo breki zimekwisha, na gari lisilo na breki..." Aligusa mstari wa kijani. "Huu wa kijani ni wako. Wa siku ile ile."

Filomena aliutazama moyo wake. Hakuwa amewahi kuuona. Ulikuwa mzuri, mjinga ule, unashuka kwa raha zake bila kujua jioni yake utafungwa.

"Nani alianza?" aliuliza.

"Alikuja mwenyewe kunililia. Tayari nilikuwa nimeshaiona mistari yake, nikamwambia Kipimo hapiti. Akaniuliza kama hereni zinajua sikio. Nikamwambia mimi mzee, macho yangu hayaoni vitu vidogo." Alijimiminia chai. "Wewe ulikuwa umeposwa, mwanangu. Ungeacha mbio mwaka ule ule. Yeye ana wadogo wanne na hana baba. Sikujua kwamba watasema habari ya mimba. Hilo liliniuma."

"Lilikuuma."

"Na tuseme kweli, Filomena. Wewe ulikuwa wa pili. Kila mara wa pili. Kambi ilikuwa ikila kwa miguu ya Resti. Nani anaifunga kwa ajili ya wa pili?"

Hapo ndipo kilipomwingia kisu. Kuibiwa moyo ni jambo moja. Kuambiwa kwamba ulipimwa kwanza ukaonekana wa bei nafuu, hilo ni lingine, na Filomena alihisi machozi yakija akayakatalia palepale. Hakutaka mzee huyu ayaone.

"Sasa hivi ukoje moyo wake?"

Margwe aliubadilisha ukuta. Mstari mwekundu wa wiki ile haukuning'inia tu kileleni. Ulikuwa ukitetemeka, na ndani ya kutetemeka kule kulikuwa na mapengo, kama meno yaliyong'oka.

"Anajua?"

"Anajua alibadilisha hereni. Huku ulikofikia hajui. Nimemwambia ni kasoro ndogo, itatulia akishapumzika."

"Na Jumamosi utamwacha akimbie."

"Mashine inasema huenda. Haikusema lazima. Huenda akakimbia mpaka akazeeka."

"Na huenda asimalize."

"Na huenda asimalize," mzee alikubali, akanywa chai.

Filomena alisema atakwenda Baraza. Margwe hakukasirika, ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alimwelekeza hata ofisi ya kuingilia. Alimweleza kwamba malalamiko ya mtu wa kukaa huundiwa tume, na mpaka tume ikae, Jumamosi itakuwa imepita zamani. Tena kwanza watamuuliza yeye Filomena kwa nini amekimbia na hereni ya ulinzi sikioni, na hilo ni kosa. "Lakini nenda," alisema. "Ni haki yako. Tiketi usiisahau."

Aliichukua. Hata yeye hakujua kwa nini.

*

Ijumaa alasiri Resti alikuja kama ada, mikono imejaa. Sukari, khanga, na sabuni ile ya kunukia. Kwa miaka yote mitatu hakuwahi kuja mikono mitupu, na mtaa mzima ulimsifu kwa kutomtupa mwenzake.

"We mwanamke!" alipiga kelele toka mlangoni. "Ati umekimbiza mkokoteni? Unataka kuniua kwa presha? Mimi kesho nina mbio, wewe unacheza na kifo huku!"

"Mtoto angeanguka."

"Angeanguka angelia, akanyamaza. Wewe je?" Alimkumbatia kwa nguvu, na Filomena alinusa mafuta yale yale ya nywele. Alitamani amsukume. Alitamani pia abaki pale pale begani kwake, na kutamani huko kwa pili ndiko kulikomtia hasira.

Siku ya kabla ya mbio kubwa mapacha husukana. Kufungiwa kwa Filomena hakukuifuta desturi hiyo, na Resti alikuwa amekuja na kitana chake. Walitandika mkeka uani. Filomena akaketi chini, katikati ya magoti ya mwenzake, na ile mikono ikaanza kugawa nywele.

"Toa hereni," alisema Resti, "kitana kitakwama."

Hereni ya ulinzi iliruhusiwa kutoka kwa muda wa kuoga au kusukwa. Filomena aliitoa mwenyewe safari hii, akaiweka kwenye kifuniko cha mafuta, upande wa kulia.

"Resti."

"Naam, mama."

"Moyo wako ukoje siku hizi?"

"Trekta," Resti alicheka. Kitana hakikusimama hata kidogo. "Si unaujua?"

"Ingekuwa ni wewe. Siku ile. Wakwambie moyo wako mbovu, uache. Ungeacha?"

"Niache wadogo zangu wale nini, vitunguu saumu? Thubutu! Ningekimbia tu. Heri niangukie uwanjani watu wananishangilia, kuliko..."

"Kuliko kukaa kama mimi."

"Sikusema hivyo, Fila. Usinilishe maneno."

Filomena alifumba macho. Alikuwa amejiapiza kwamba atamwachia mlango wazi. Aseme tu neno moja, aseme "kuna jambo", na yeye atamshika mkono, watakwenda wote kwa Margwe, watakwenda wote Baraza, na mengine yatasameheka au hayatasameheka, lakini watakuwa wawili. Mlango huo aliufungua mara ya mwisho.

"Mimi huwa nawaza siku ile," alisema. "Nilivyopanda nilijisikia mzima kabisa. Wewe hukuona kitu? Ulikuwa kando yangu."

Kitana kilisimama. Nyuma yake Filomena alisikia pumzi ikivutwa, akaamini, Mungu anajua aliamini, kwamba sasa linakuja.

"Ningeona nini, mwenzangu?" Resti alisema kwa upole, na mkono ukamshika utosi, ukampapasa. "Moyo hauonekani. Mimi siku ile nililia kuliko wewe. Mpaka leo nikikumbuka nalia."

Kisha akaendelea kusuka, na akasuka vizuri.

Filomena alivuta nyuzi za mkeka mpaka mstari wa mwisho. Alifikiria kumwambia yote usoni. Angemwambia nini? Kwamba atakufa? Ameshajibu, heri aangukie uwanjani. Angemwambia najua uliniibia? Angekana, au angelia, au angeomba Jumamosi hii tu. Kisha angeondoka mbio, kesho akimbie, na sikio lake lisimkaribie Filomena milele. Na kulikuwa na sauti nyingine ndani, ndogo, iliyokuwa ikisema basi mwache. Nyamaza tu. Hutamgusa, hutamsukuma, breki zenyewe zitamlipia. Hiyo ndiyo iliyomtisha, maana ilikuwa sauti yake yeye.

"Haya," alisema, akainuka. "Zamu yako. Nikusukeje?"

"Twende kilioni."

Mtindo huo ndio jina lake, mistari ya kurudi nyuma, hausumbui kichwa kwenye upepo. Filomena alisuka polepole. Alikuwa ameitoa hereni ya Resti akaiweka kwenye kifuniko, upande wa kushoto, karibu na yake. Mbili, zinafanana, kwa uamuzi wa busara wa Baraza la Moyo. Alipofunga mstari wa mwisho alichukua ile ya upande wa kulia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Aliipitisha kwenye tundu la sikio la Resti, akaikaza, na ile nyingine akajivisha mwenyewe.

"Umependeza," alisema. Alishindwa kumpiga kofi la begani. "Nenda salama."

*

Uwanja wa mkoa ulikuwa umefurika kabla ya umande kukauka. Vigelegele, bendi ya shule, wauza karanga, na juu ya yote jina la Restituta Bayo. Filomena hakupanda jukwaani. Alisimama kwenye uzio karibu na njia ya kupashia misuli, amekamata waya kwa mikono miwili.

Wakimbiaji walitoka. Resti aliruka ruka, akanyoosha miguu, akampungia Mwalimu Margwe aliyekuwa ameketi na chupa yake ya chai. Akaanza mbio za kujaribu, ndefu, nyepesi. Lo, alikimbia vizuri yule msichana! Hata siku hiyo, hata kwa macho yale, Filomena aliona uzuri wake akataka kulia.

Kabla Resti hajafika kwenye kona, sikio lake likapiga ukelele.

Bendi ilikatika katikati ya wimbo. Kila mtu nchini alikijua kilio kile. Resti alikimbia hatua kadhaa zaidi akitafuta ni nani, anageuka huku na huku, mpaka alipoona watu wote wanamtazama yeye. Mkono ukaenda sikioni. Ukabaki hapo. Kisha akageuza uso polepole kuelekea uzioni, kana kwamba alijua tangu mwanzo mahali pa kutazama.

Sheria ya viwanjani ni fupi: hereni ya ulinzi ikilia, mvaaji anaketishwa, anapimwa hapo hapo, na hereni haivuliwi mpaka inyamaze. Margwe alishuka akipunga mikono, anasema kuna makosa, huyu ni Bayo, huyu ana kibali. Daktari wa uwanja, mama mfupi asiyependa kelele, alimwambia kama ana kibali basi ana nini cha kuogopa? Kipimo kitamtetea. Akamkalisha Resti hemani, akambandika vipimo vyake kifuani. Baadaye aliutazama mstari kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini nani alimruhusu msichana huyu kukimbia. Margwe alikuwa ameshaondoka. Chupa aliiacha.

"Kuna mtu wako hapa?" daktari alimuuliza Resti.

Resti aliutazama mlango wa hema. Filomena alipita chini ya kamba, akaingia hemani, akapiga magoti mbele ya kitanda. Hereni ilikuwa bado inapasua hewa, ikabidi waongee kwa kupaza sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

"Umenifanyia nini?" alisema Resti.

"Ulichonifanyia."

"Ulinisuka! Ulinishika kichwa, ukaniambia nenda salama!"

"Na wewe uliniambia nikaolewe."

Resti alimtazama, na uso wake ukaporomoka wote kwa mara moja. Alilia kwa mdomo wazi kama mtoto. Kati ya kwikwi alitaja wadogo zake mmoja mmoja kwa majina, kisha akasema, "Ungeniacha nife. Kama unanichukia, si ungeniacha tu?"

"Nilitaka," alisema Filomena. "Nisikudanganye, Resti. Mkeka mzima ule nilikuwa nataka."

Nje mtangazaji aliwaita wakimbiaji kwenye mstari. Mlio wa bastola ulisikika, umati ukanguruma, mbio zikaondoka bila wao. Filomena alinyoosha mkono. Resti aliuangalia kama mtu anayeangalia chakula cha adui. Kisha, kwa kuwa desturi huwa haiulizi, akautoa wake, na Filomena akakishika kifundo alichokijua kuliko mikono yote duniani.

Walisimama, yaani walikaa, dakika yao bila kusema. Ikapita. Ikapita nyingine. Hereni ya Filomena, ile ya mbio, ilikuwa kimya sikioni mwake. Ya Resti iliendelea kulia.

"Bado?" aliuliza Resti.

"Bado," alisema Filomena, wala hakuuachia mkono.